Kwa Ansbert, Aliyepigana na Vumbi la Mwamba

Mwaka umetimia, Ansbert, tangu pumzi ikuishie ukiwa umeketi kitandani, kwa kuwa kulala ulikuwa huwezi tena. Tulikusafirisha hadi nyumbani Kamachumu, tukakulaza kibanjani, katika shamba la migomba la ukoo, karibu na wazazi wako. Kisha sisi jamaa zako tukarudi Dar es Salaam na wewe ukabaki. Mkeo Genoveva husema hilo ndilo linalomuuma kuliko yote. Wenzake hapa Gongo la Mboto wakifiwa, Jumapili huenda makaburini, wakang'oa majani, wakasali, wakarudi. Kaburi la mtu wake yeye liko upande wa pili wa nchi.

Wengi walikujua kama mtafiti wa madini wa serikali. Sisi tulikujua kama mtu anayerudi safari akavulia nguo uani. Hukuwahi kuingia ndani na nguo za kazi, hata mvua ikinyesha. Uliziloweka kwenye ndoo kwa mikono yako, na mkeo alipotaka kuzikung'uta kwanza, ulimkataza.

"Usikung'ute, mama Edgar. Loweka. Vumbi likilowa halina nguvu."

Maji ya ndoo ile yalikuwa mazito kama uji.

Majirani nao hukuwaacha. Sekela, yule wa vitumbua, alipofagia uwanja wake asubuhi ukiwa mkavu, ulimwita kwa upole juu ya ukuta, ukamwomba anyunyize maji kwanza. Alikucheka miaka yote hiyo, akakuita Bwana Vumbi. Siku hizi ananyunyiza. Ananyunyiza na upande wenu, bila kuombwa, na akimaliza anarudi kwenye jiko lake.

Uliipenda kazi yako kwa namna ambayo wakati mwingine ilitutia wivu. Uliwafungia wachimbaji wadogo kidude kiunoni, chenye mpira mwembamba unaopanda hadi kwenye kola, kikivuta hewa ileile wanayoivuta wao wakichoronga, yaani wakitoboa mwamba kwa mashine. Halafu maabarani mkapima kilichoingia. Ulitaka mashine za kuchorongea zipitishiwe maji, ili vumbi life palepale kwenye tundu lisifike puani mwa mtu. Ulishughulika na mengine pia, namna ya kupata dhahabu bila kushika zebaki, na nguzo za kuzuia mwamba usiporomoke, lakini vumbi ndilo lililokukosesha usingizi. Ulikuwa umeona linavyowamaliza vijana wenye vifua vipana.

Na wewe lilikuwa limekwisha kukuingia. Miaka ya mwanzo, kabla ofisi yenu haijapata barakoa za maana, uliingia mashimoni na kitambaa cha pamba mdomoni kama wao. Kikohozi kilipoanza ulipewa dawa za kifua kikuu, ukazimeza zote, huku moyoni ukijua. Ulimwambia Genoveva jikoni, mkimenya ndizi, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani: mapafu yamejaa makovu ya mawe, na huo si ugonjwa wa kupona. Mkeo aliinama akachochea mkaa. Alituambia baadaye kwamba moto ule ulikuwa umekwisha kukolea, haukuhitaji kuchochewa.

Hakuwa mgeni wa upweke, Genoveva. Alifundisha shule ya msingi mchana, jioni akawalea Edgar na Clara peke yake, wewe ukiwa Geita, Mirerani, Chunya. Alivumilia kwa sababu ya neno moja, kustaafu. Mlipanga kufuga kuku. Mlipanga kwenda misa ya kwanza pamoja na kurudi kwa miguu bila haraka. Ukastaafu, ukarudi nyumbani, na banda la kuku likajengwa lakini kuku hawakuwahi kuletwa. Anasema upweke wa zamani ulikuwa na tarehe ya mwisho. Huu wa sasa hauna.

Sasa tukueleze yaliyotokea mwaka huu.

Baada ya Pasaka, Clara alileta habari mezani. Unajua alivyosomea uhandisi wa madini kwa kukufuata, na alivyoajiriwa kwenye maabara ileile. Ofisi ilimtaka ahamie Chunya, aendeleze kazi ya vumbi pale ulipoiachia. Na alitaka kwenda. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Mapafu ya mtu mmoja yanaitosha nyumba hii," alisema.

Clara alieleza kwamba siku hizi barakoa nzuri zipo, na watafiti wenyewe hupimwa vifua kila mwaka. Mama hakubishana naye. Alitoka nje akaanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi. Edgar alipiga simu kutoka Mwanza kumtetea mdogo wake, akajibiwa kwamba aliye mbali haoni tabu kutoa ruhusa. Tangu siku hiyo mama na binti waliishi nyumba moja wakiongea habari za chumvi na maji tu. Mkeo hakuwa akiogopa vumbi peke yake, Ansbert. Edgar alikwisha kuhama, wewe uko Kamachumu. Aliogopa jioni ya kufunga mlango huku aliyebaki ndani ni yeye tu.

Ndipo akaja Albano.

Unamkumbuka, bila shaka: yule mchimbaji wa Chunya mwenye kovu shavuni. Alikuwa amekuja mjini kutafuta pampu Kariakoo, akaulizia mpaka akafika nyumbani kwako, na mfuko wa karanga mkononi. Genoveva ndiye aliyemfungulia.

"Shikamoo, mama. Mzee nimemkuta?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Wakati wa msiba habari zilitangulia mbele yake. Shemeji na watu wa jumuiya ndio waliosema kwa niaba yake. Sasa alikuwa peke yake mlangoni, na ilimbidi aseme kwa kinywa chake.

"Mzee alifariki, baba."

Albano alichuchumaa palepale kizingitini, akafunika uso kwa kofia yake, na Genoveva akajikuta ndiye anayemfariji mgeni. Alimwingiza ndani, Clara akaleta chai.

Kidogo kidogo Albano alisimulia. Ulipofika kwao mara ya kwanza walikukatalia shimo, wakidhani umetumwa kuwafungia machimbo. Hukugomba. Ulikaa nje na wapishi, ukala nao, kesho yake ukarudi. Mwisho wakakuacha ufunge bomba la maji kwenye mashine yao moja, wakakucheka kwa jinsi walivyotoka shimoni wameloa. Kisha wakazoea. Genoveva aliuliza kama wote kule sasa wanatumia maji. Alitarajia kusikia ndiyo. Sote tungetarajia.

"Shimo letu, ndiyo, na mashimo machache ya jirani," Albano alisema. "Wengine bado wanachoronga kavu. Maji yako mbali, mama, na tangu mzee aache kuja hakuna aliyekuja kuwasumbua. Mdogo wangu Cyprian yuko huko. Ameanza kukohoa."

Clara alikuwa amesimama na birika. Hakusema neno, wala hakumtazama mama yake. Kwa hilo peke yake, Genoveva alituambia, alikuona wewe mwenyewe ndani yake.

Mgeni alipoondoka, mama aliosha vikombe polepole, akavifuta, akavipanga kabatini. Clara alikuwa bado ameketi. Akamwambia bila kugeuka:

"Nenda. Barakoa usiivue hata wakikucheka. Na ukikohoa, hata mara moja, mimi niwe wa kwanza kujua."

Clara alimshika mabega kwa nyuma, wakakaa hivyo. Mama hakulia mbele yake. Alimsindikiza stendi ya Mbezi alfajiri, akamfungia mkoba wa ndizi na maharage, akasimama mpaka basi likaondoka. Aliporudi alikuta Sekela amemwekea vitumbua kwenye sahani, amevifunika kwa kawa. Alikula kimoja, kwa heshima. Nyumba ilikuwa kimya kiasi cha kusikia ndege zikishuka uwanjani, moja baada ya nyingine, kila moja na watu wake wanaosubiriwa.

Juma lililopita simu ililia jioni. Alikuwa Clara, anacheka. Alikuwa ameshuka shimo moja la wale waliokuwa wakichoronga kavu. Kwa majuma kadhaa yeye na Albano walikuwa wakiyavuta maji hadi pale, na siku hiyo ndiyo mashine ilikuwa imepitishiwa maji kwa mara ya kwanza. Cyprian amepelekwa kupimwa, majibu bado.

"Mama, ungeniona. Nimetoka na matope kuanzia nywele mpaka viatu. Vumbi hakuna."

Genoveva alicheka, cheko la kweli, lile ulilolizoea wewe, la kumfinyisha macho. Tangu tukuzike hatukuwa tumelisikia. Alimwuliza Clara amekula nini, akamtakia usiku mwema, akaiweka simu mezani. Halafu, kwa furaha ile ile iliyokuwa bado usoni, akageukia kiti chako ili akwambie.

Hakukuwa na mtu wa kuambiwa. Alibaki amegeuka hivyo kwa muda.

Kwa hiyo alituomba tukuandikie hapa, Ansbert, ili uwe umeambiwa: limelowa, lile shimo. Ni moja tu, na mengi yamebaki, lakini limelowa, na mwanao ametoka salama.

Unakumbukwa na mkeo Genoveva; wanao Edgar na Clara; mkwe wako Noela na wajukuu, ambao bado wanakuulizia; dada yako Demetria, anayekupalilia kaburi kule Kamachumu; Sekela na majirani wa Gongo la Mboto; na Albano na wenzake wa Chunya. Misa ya kukuombea itasomwa parokiani kwetu Jumamosi hii asubuhi. Baada ya misa, Genoveva anaomba atakayeweza apite nyumbani, akae naye kidogo.

Tunakukumbuka leo, na siku zote tutakukumbuka.