Kukhu, Ita Mara Tatu

Kukhu, bibi yangu,

Jioni moja wiki iliyopita nilikuwa nafua nguo nyuma ya nyumba hapa Bumala, nikasikia ukiniita. Mara moja tu. Ilikuwa sauti yako, ile ya kukwaruza, na lile jina la utani ulilonipa wewe peke yako. Sikuitika, Kukhu. Niliogopa mpaka mtoto akageuka tumboni. Ndiyo, nina mimba ya miezi minane, na wewe tulikuzika mwaka jana.

Tangu hapo nawaza tu ile bustani.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nina miaka minane. Tulivuka mpaka pale Busia kwa miguu, umevaa viatu vya kanisani, tukaenda kumwona mjomba Kampala. Mwanao huyo akatuonya mapema: "Mama, huku msiongee Kiswahili kwa nguvu. Watu wakisikia Kiswahili wanafikiria askari waliowapora." Ukaguna. "Basi nitaongea Kisamia na miti."

Na kweli uliongea nayo. Alitupeleka Entebbe, kwa ile bustani ya zamani kando ya ziwa, ambako Wazungu walikusanya miti ya kila nchi. Ulipapasa shina baada ya shina ukiuliza huu unatibu nini, na mjomba hakujua hata mmoja. Mwishowe akakimbilia kutununulia soda. Mimi nikabaki nikitazama mbega na mikia yao myeupe. Kugeuka, hupo.

Sijawahi kuogopa hivyo. Ilikuwa mchana lakini chini ya ile miti kulikuwa na giza, na mizizi mingine ilinizidi kimo. Nikaita "Kukhu!" mara moja, kisha nikajiziba mdomo kwa sababu ya maneno ya mjomba. Sikujua kama Kukhu nayo ni Kiswahili. Hukutokea. Nikasogea, nikaita mara moja tena, nikajiziba. Nikaamini umekufa. Nikaanza kupanga nitamwambia mama nini, na nitafikaje Busia bila kujua neno la Kiganda.

Mwishowe woga ukanishinda, nikapiga kelele: "Kukhu! Kukhu! Kukhu!" Mbega wakaruka, watu waliokaa kwenye nyasi wakageuka kunitazama. Nawe ukatoka nyuma ya shina, hatua kumi tu kutoka kwangu, viatu mkononi. Ulikuwa unanisikia muda wote.

"Mbona unaita mara moja moja?" ukanigombeza. "Mzimu ndio huita mara moja. Mtu aliye hai huita mara tatu. Nikiitika ovyo katika nchi ya watu, nitarudi kwangu?"

"Hata kama ni sauti yangu?"

"Hiyo ndiyo mizimu huiba. Sauti ya mtu unayempenda."

Ukanishika mkono, na wako ulikuwa baridi kuliko wangu. Nilikununia siku mbili. Nilikuwa nimelia peke yangu, na wewe umejificha tu hapo.

Sasa zamu ni yangu. Mama mkwe anasema unadai mtoto apewe jina lako, kwamba wafu huja kuliomba kabla mtoto hajazaliwa. Dada mmoja wa kanisani anasema nikemee. Mimi naogopa jambo ambalo sijamwambia mtu: kwamba umekuja kumchukua mtoto wangu. Naona aibu kukuwazia hivyo, wewe uliyenilea. Halafu nawaza labda umesimama mahali, viatu mkononi, unashangaa kwa nini mjukuu wako hajibu. Nalia tena.

Kwa hiyo kila jioni nafua pale pale, hata nguo safi. Mume wangu ananicheka, sabuni inaisha.

Kukhu, sheria ni yako. Ita mara tatu, nitaitika, na huyu akiwa msichana nitamwita kwa jina lako, lile ambalo sikuruhusiwa kulitaja utotoni. Ukiita mara moja nitanyamaza, hata nikijua ni wewe. Ulinifundisha vizuri mno.

Mjukuu wako,
niliye hatua kumi tu kutoka kwako.