Kilichopanda Bila Mlio

Jumatatu, 9 Juni
Aliyemwangusha Bibi Mariamu wa jirani ni mimi. Sijamwambia mtu.

Nimepiga deki. Nimechambua maharage, bakuli lilelile mara mbili. Mikono haitulii.

Niandike, labda itatulia. Kaka Elia huongoza watalii kwa baiskeli za mlimani. Mmoja alivunja fremu njia ya Mtae, akamwachia gurudumu la nyuma lenye mota, betri, nyaya na boksi la vifaa vyake. Elia yuko Arusha mpaka mwezi ujao. Alinipigia simu: ifunge kwenye baiskeli yangu, uijaribu. Baba akaongeza: uwanjani tu.

Nimeifunga mwenyewe, wiki nzima. Ilipozunguka mara ya kwanza, kimya kabisa, nilicheka peke yangu stoo kama mwehu. Lakini uwanja ni tambarare. Nani afunge mota azunguke magoli?

Jumamosi asubuhi nikapanda njia ya msituni, juu ya mashamba ya kabichi. Ukungu. Kilima ambacho miaka yote nakipanda nikisukuma, nilikipanda nimekaa. Sijawahi kuwa na furaha ile. Kwenye kona, Bibi, mzigo wa majani ya ng'ombe umemfunika hadi machoni. Nikashika breki. Aksela ya mota, pale kwenye usukani, ilikuwa imejaa tope, haikurudi. Mota ikaendelea kusukuma. Usukani ukapiga mzigo, Bibi akaenda chini kwenye matuta.

"Ni nani?" aliita.

Sikujibu. Nikachomoa waya wa betri, nikageuza, nikateremka.

Jumanne, 10 Juni
Kifundo cha mkono wa Bibi kimevunjika. Wamemfunga hogo, plasta ngumu. Mama kanituma nikamkatie ng'ombe wake majani, maana mimi ndiye niliye likizo. Nimekwenda. Bibi kanishukuru, kaniombea nifaulu mtihani. Afadhali angenitukana.

Na hili pia. Mota ilikuja na mikono yake ya breki, yenye waya unaokata umeme ukiishika. Kitabu cha maelekezo kilisema ni lazima. Kiingereza nilikielewa vizuri. Niliiacha kwenye boksi kwa sababu breki alizonipa Elia zamani ni nzuri zaidi kwa sura. Basi. Hakuna sababu nyingine.

Alhamisi, 12 Juni
Wamempata mtu. Shabani wa bodaboda.

Bibi alisema hakusikia injini. Na Shabani, kila mtu anajua, akitoka Lukozi huzima pikipiki mteremkoni kubana mafuta. Anakuja kimya kama paka. Basi ni yeye. Anaapa kwamba Jumamosi asubuhi alikuwa amelala kwake. Mkewe ndiye shahidi, kwa hiyo hana shahidi. Wenzake wamemwambia asipaki kijiweni kwanza.

Nimezunguka nyumba mara sijui ngapi. Mama kauliza kama nimepoteza kitu.

Jumamosi, 14 Juni
Kikao kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nilisimama nyuma ya Mama.

Bibi alisimama na hogo lake. Akasema: kile kitu kilitoka chini, kilikuwa kinapanda.

Watu wakacheka. Mmoja akauliza, "Pikipiki imezimwa, ipande mlima? Kwa maombi au kwa dua?" Wakristo wakacheka, Waislamu wakacheka.

Bibi akawaangalia. "Nimevunjika mkono. Sikuvunjika akili."

Mwanawe akamshika bega taratibu. "Mama, kaa. Umechoka."

Akakaa. Uso wake siwezi kuuandika. Yeye peke yake kasema kweli pale, na ndiye waliyemwona kachanganyikiwa.

Uamuzi: Jumatatu saa nne Shabani apeleke pikipiki ofisini, ikae huko mpaka akiri. Hana shamba. Anakula kwa pikipiki ile.

Nilifungua mdomo. Nikaufunga, nikajisogeza zaidi nyuma ya Mama. Watu husema nina aibu. Leo haikuwa aibu. Ilikuwa woga.

Jumapili, 15 Juni
Kanisani sikusikia neno. Nimeandika barua tatu, zote nimechana. Nimefunga ile mikono ya breki yenye waya. Ukigusa tu, mota inakata. Inafanya kazi safi. Haisaidii kitu.

Kesho saa nne.

Jumatatu, 16 Juni
Nimekwenda kwa Bibi saa moja asubuhi. Alikuwa anakunywa uji kwa mkono wa kushoto. Nikamwamkia. Nikasema yote, naangalia kikombe.

Aliweka kikombe chini. Kisha akauliza, "Ilikuwa inapanda?"

"Ilikuwa inapanda, Bibi."

"Rudia."

Nikarudia. Akamwita mwanawe kutoka zizini, akaniambia nirudie tena, kwa sauti. Nikarudia. Mwanawe aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Mama," akasema, kabla yangu mimi. Akavaa koti, akaenda ofisini kuwawahi.

Bibi hakusema amenisamehe. Alisema Shabani nitamfuata mwenyewe, kwake, mbele ya mkewe. Lakini kwanza baba yangu. Nikamkatia ng'ombe majani. Leo hakunishukuru. Alikaa mlangoni akanitazama mpaka nikamaliza.

Sasa ni mchana. Nyumba imetulia. Namsikia Baba ametoka shambani, anakung'uta tope kwenye buti. Anaingia. Anakuja huku.

Daftari naliweka chini ya godoro. Haya nitamwambia kwa mdomo.