Mhispania Kwenye Nyumba ya Eda

Jumanne, Ngamiani. Joto limekaa juu ya bati tangu asubuhi, mvua imetishia ikaondoka zake, na mimi niko barazani roho imenichafuka kama maji ya mtaro huo hapo mbele. Nimekula nusu sahani, nikaisukuma. Anayenijua anajua hilo si jambo dogo.

Nieleze tangu mwanzo. Shule mimi iliniishia darasa la saba, lakini Kihispania ninacho. Nimekiokota kwa watalii wa ufukweni Ushongo na kwenye video za simu, na kama Tanga hii yupo anayenishinda, basi kajificha vizuri. Wiki nzima nilikuwa nasoma kukataa na kuuliza. Rahisi mpaka unaona aibu. Sisi tukitaka kukataa tunalivunja neno kichwa na mkia: nakula, sili, sikula, sijala. Wao wanachomeka "no" mbele ya kitendo, basi. Como, nakula. No como, sili. Kuuliza ndiyo kabisa: maneno yaleyale, unapandisha sauti mwishoni. Na wakiandika, wanaweka alama ya kuuliza mwanzoni pia, kichwa chini miguu juu, ili ujue mapema kwamba unaulizwa. Nikasema hawa ni watu wastaarabu.

Leo nikapata mume na mke wa Kihispania wa kuwatembeza. Nikawapitisha sokoni, nikawachekesha, mke akacheka mpaka akashika ukuta. Nikajitapa kwamba nyumba zote hizi ni kwetu.

Mdomo wangu huu.

Tulipofika kwa mama mkubwa, dada yake marehemu mama yangu, mume akaelekeza kamera mlangoni, akauliza kama wanaweza kuona ndani. Mama mkubwa yuko eda. Mumewe tumemzika juzijuzi tu, na mpaka eda iishe haonani na mwanaume asiye maharimu wake. Jibu nilikuwa nalo. "No se puede," haiwezekani. Nimelirudia mpaka kuku wa nyumbani wanalijua.

Nikasema, "Luego." Baadaye.

Baadaye ya namna ile sisi tunaijua. Mtu wa Tanga ukimwambia hivyo, anashukuru na haulizi tena. Kwetu mgeni hakatazwi usoni. Sasa bwana yule tukaenda naye kunywa kahawa, akamaliza kikombe, akaniambia kwa furaha zake: haya, baadaye si ndiyo sasa?

Nikaona haya kumkatalia. Nikawaza niingie mimi kwanza, nimwambie Zuhura, bintiye mama mkubwa, awatolee viti uani wakae kidogo, yaishe. Nikaingia moja kwa moja kama nilivyozoea, mimi ni mtoto wa nyumba ile. Bwana yule naye nyuma yangu, mguu kwa mguu.

Mama mkubwa alikuwa mkekani, ametoka kuoga, kichwa wazi, nywele mbichi. Kamera ikalia.

Hakupiga kelele. Alijifunika uso kwa viganja, akageukia ukutani. Bora angenitukana.

Zuhura ndiye aliyenipa zangu. "We kaka, una akili? Unamletea mwanaume kwenye eda yake?"

"Zuhura, nilidhani..."

"Ulidhani hapa makumbusho. Mtoe."

Kumbe keshatoka; kule nje nikamkuta bwana yule anaitazama picha yake, anaipenda. Anamwonyesha mkewe, anasifu mwanga. Hapo nikamwonea kinyaa. Nikamwambia haiwezekani, aifute. Akauliza kwa nini, kwani kuna ubaya gani, si bibi mzee tu.

Bibi mzee tu.

Kwao ukirundika kukataa mara tatu kwenye sentensi moja ni sarufi safi, nami nikamrundikia kwa sauti: "Esa foto no la ve nadie nunca." Picha hiyo asiione mtu yeyote, kamwe. Mtaa mzima ukageuka. Mkewe akamnyang'anya kamera, akaifuta mbele ya macho yangu, wakaondoka bila kuaga. Mwenye nyumba ya wageni walikofikia kanipigia: hatanipa watu tena. Nimemwambia sawa.

Yule bwana ananichefua, sikatai. Ila yeye aliuliza. Mimi ndiye niliyejibu. Kinyaa kikubwa ninacho na hii tabia yangu ya kutaka kupendwa na kila anayeshuka kwenye basi, hadi nikamuuza mtu aliyenilea kwa kuwa niliona haya kusema neno moja.

Baada ya alasiri Zuhura amenipigia. Mama mkubwa anauliza, imefutwa? Nikasema imefutwa, nimeona kwa macho yangu, mpe shikamoo yangu. Zuhura akaifikisha. Kisha nikamsikia mwenyewe kwa mbali, sauti yake ileile ya upole: "Marahaba. Mwambie nimemsamehe, lakini asije."

Hakusema inshallah. Hakusema baadaye. Asije.

Kesho nitakwenda. Nitasimama nje, barabarani kabisa, nipige hodi kama mtu baki, mara tatu. Wasipoitika nitageuka nirudi nyumbani, na keshokutwa nitapiga tena.