Mume Ananipa Pole Kila Siku, na Mimi Huku Nina Raha

Shangazi mpendwa, nisaidie kabla sijapasuka, maana nina furaha na imekuwa tatizo. Mimi ni askari, kazi yangu ni ufundi wa magari ya jeshi, na kikosi chetu kimetumwa kulinda amani mbali sana na nyumbani, tunalala kwenye mahema, vumbi linaingia mpaka kwenye mswaki, na mwanzoni nililia kama mtoto aliyeachishwa ziwa, nikampigia mume wangu nikamweleza yote, naye akaniambia pole mama watoto, pole sana, na ile pole ilinishika moyo kweli.

Sasa sijui nini kilinipata. Siku moja tulinyeshewa njiani, kurudi kambini nikavaa soksi kavu, Shangazi, soksi kavu tu, nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa nikacheka peke yangu mpaka mpishi wetu akaniuliza kama nimepandishwa cheo. Tangu hapo sijapona. Maji ya kuoga ni nusu ndoo, tunayaacha juani yapate moto, na hiyo nusu ndoo naioga kwa kuimba. Mkate ukitoka jikoni naunusa kabla ya kuumega. Lori lililogoma likiwaka tunapiga vigelegele, halafu nakaa kwenye bampa nakunywa chai taratibu mpaka tone la mwisho. Nyumbani nina bomba na kochi, lakini chai nilikuwa naimeza nimesimama, natafuta funguo, huku namgombeza mume wangu kwamba kaileta ya moto mno.

Na tatizo ni huyo mume wangu. Ni fundi cherehani, mtu mpole, mcheshi, tena mgonjwa wa drafti, jioni wenzake walikuwa wanajaa mlangoni pa duka lake mpaka wateja wanakosa pa kupita. Tangu niondoke, kila tukiongea anaanza na pole, nami nabana sauti, najifanya mnyonge, najibu nishapoa, kwa sababu naogopa akijua nina raha atadhani sitaki kurudi, au kwamba yeye na watoto ndio waliokuwa wananichosha. Matokeo yake kaniambia ameacha drafti, amezima redio, eti hawezi kufurahi na mke wake anateseka. Juzi nilisikia kwenye simu vitu vinagongwagongwa na mtu anapaza sauti, "Kingi!", nikauliza kuna nini, akasema ni mteja wake, ndilo jina lake, kafuata suruali, wanamwita ndani. Nikazidi kumwonea huruma, duka limevurugika kiasi hicho.

Sasa mambo yamefika pabaya. Amesema Jumatatu anakwenda makao ya kikosi chetu huko nyumbani kumwomba mkuu nirudishwe kabla ya muda. Nikimwambia ukweli nitamuumiza, nikinyamaza ataingia ofisini kumlilia mwanamke anayeoga kwa kuimba, na mimi nitaondolewa kwenye kazi ninayoipenda nikiwa katikati yake. Nifanye nini?

Wako,
Soksi Kavu

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu Soksi Kavu,

Barua yako nimeanza kuisoma nimesimama, kikombe mkononi, ikabidi nikae. Hongera. Kuna watu wamezeeka juu ya makochi yao bila kuipata raha uliyoipata wewe juu ya ndoo, na raha hiyo huna haja ya kuiombea radhi kwa mtu yeyote.

Kinachonichefua ni hiyo sauti ya kubana. Umemweka mwenzio matangani, kumbe marehemu yuko bafuni anaimba. Pole ya kwanza ulistahili, hizo nyingine umezila bure. Halafu unaogopa atadhani hutaki kurudi? Hebu rudia ulichoandika kuhusu chai. Asiyetaka kurudi hakai kwenye bampa la lori akakumbuka jinsi alivyoinywa vibaya chai ya nyumbani. Wewe unatamani kuinywa upya, umekaa, na aliyeimimina yuko mbele yako. Mwanamume wa watu anahitaji kuisikia habari hiyo, nawe umemnyima.

Basi mpigie leo, Jumatatu usiingoje. Usimwache aanze yeye. Akifungua tu mdomo kutoa pole, mkatize na habari za soksi, ndoo, mkate na lori, kwa sauti yako mwenyewe. Kisha mwambie ya chai. Muombe msamaha kwa kumdanganya, mara moja inatosha, usijitie kulia. Watoto nao wapewe simu wamsikie mama yao akicheka. Safari ya kwa mkuu ataifuta mwenyewe, na nahisi atashusha pumzi.

Nahisi hivyo kwa sababu nimeolewa na mcheza drafti. Kete ikifika mwisho wa ubao, aliyeifikisha hupaza sauti kwa neno moja, na neno hilo ulilisikia kwa masikio yako. Mwanangu, hakuna mteja anayeitwa Kingi. Bwana huyo anacheza kila jioni, na kila akikupa pole anawaziba wenzake midomo. Mna raha wote wawili, na wote wawili mmejificha mnaoneana huruma.

Usimfokee, maana huna pa kusimamia. Ukimaliza habari ya chai, muulize kwa upole kama ile suruali ilimkaa vizuri Kingi. Kisha nyamaza, umsikilize mumeo akicheka.