Mama Asya, Jino Langu Limepona

Mpendwa mke wangu, Mama Asya,

Tulipokuwa pamoja sikukuandikia hata mstari mmoja, na sasa umetangulia mbele ya haki ndiyo naandika. Nisamehe. Lakini wewe ndiye wa kwanza kunishuku, basi wewe ndiye wa kwanza kuambiwa: jino langu limepona.

Unalikumbuka jino lile? Kila nikitoka kwa mgema na tembo la mnazi limenipanda kichwani, nilipita uani nikatafuna karafuu kiganja kizima kuua harufu, kisha nikaingia ndani nimeshika shavu, eti jino linauma. Ulinimiminia kahawa nusu kikombe, kwa sababu kikijaa mkono wangu ungeimwaga mkekani. Siku moja tu, unapepeta mchele, ukaniuliza, "Na shemeji Khamis jino lake nalo haliponi? Ukoo wenu una meno gani?" Nilikasirika nikatoka. Nilidhani unamkejeli kaka yangu, mtu wa safu ya mbele msikitini.

Ulipofariki nilizidisha tembo, na karafuu nikazidisha pia, nyumba nzima ikanuka kama ghala. Ndipo Asya wetu akaposwa. Shehe akaniita barazani kwake: "Mzee Juma, mlevi hawi walii wa kumwozesha binti. Ukibaki hivi, ataozeshwa na ami yake, ndugu yako Khamis." Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Mtoto mmoja tu Mungu ametupa, na nisimwozeshe mimi! Nikaenda kwa Asya nikitaka anionee huruma. Akasema, "Baba, nakutaka weye. Lakini nakutaka mzima."

Nilikuwa na miezi mitatu kabla ya harusi. Muuguzi wa hapa Wete akanambia kuna vikundi vya watu wanaoacha ulevi, wanakaa pamoja wanasema kweli, na hakuna anayeulizwa ukoo wake. Mama Asya, Pemba hii, mtu asiulizwe ukoo!

Nilianzia kikundi cha Chake. Sijakaa sawasawa kwenye kiti, mzee mmoja wa Mgogoni akaniinamia. "Wa wapi weye?"

"Wete."

"Wete ntoto wa nani?"

Nikakohoa, nikatazama dari. Hakuchoka. Mpaka kikao kinafunguliwa tulishakuwa binamu, na mpaka kinafungwa alishanipa salamu za watu kumi wa kupeleka nyumbani. Sikurudi tena.

Kikundi cha pili kilikuwa cha vijana watupu. Walinipokea kwa shikamoo nyingi, wakanipa kiti chenye mto na kuniomba nifungue kwa dua. Nikafungua. Nilipotaka kusema yangu, wakaniomba nasaha. Nikawanasihi waache pombe, nikafunga kwa dua, nikasindikizwa mpaka barabarani. Njiani nikapita kwa mgema. Siku ile nilijichukia kwelikweli.

Ilibaki Mkoani, mwisho wa kisiwa, mahali ambapo hata kuku hanijui. Kikao kilikuwa katika darasa la chuo cha Kurani, asubuhi ya Jumanne. Kabla sijafika mlangoni pua yangu ikanambia ndipo: karafuu! Wanaume saba, mashavu yametuna, kila mmoja na jino lake. Na pembeni, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, kaka yangu Khamis.

"Nimekuja kutazama mgonjwa," akasema.

"Na mie nimekuja kununua ndizi," nikajibu.

Mwenyekiti akauliza kama tunajuana. "Hatujuani!" tukasema kwa pamoja, na sura zetu unazijua wewe, utadhani mtu na kioo chake. Darasa zima likaangua kicheko. Khamis naye akacheka, kisha kicheko kikamgeukia kilio. Akasimama. "Naitwa Khamis. Shehe kanambia nijiweke tayari kumwozesha mtoto wa ndugu yangu. Nimwozeshe na tumbo hili lililojaa tembo? Sisi wawili tusipofaa, mtoto wetu ataozeshwa na kadhi kama asiye na kwao."

Niliinuka nikasimama karibu naye. Nikasema yangu yote, bila dua na bila nasaha. Tangu siku ile kila Jumanne tunapanda gari moja kwenda Mkoani. Nyumbani tunasema tunakwenda kung'oa meno. Sikudanganyi, bado nikimwona mgema miguu inasita. Nampungia mkono, napita upesi kabla haijaamua yenyewe.

Shehe alituchunguza sana kabla ya kuridhika. Asya ameolewa Ijumaa iliyopita, Mama Asya. Mimi ndiye niliyeshika mkono wa mkwe wetu, na Khamis alikuwa shahidi. Mkono uliotetemeka ulikuwa wa bwana harusi.

Lakini ninalotaka ulijue zaidi ni la asubuhi yake. Kabla hajapambwa, mtoto wako alinimiminia kahawa. Kwa mazoea yenu akaishia nusu. Akautazama mkono wangu, akautazama tena, akainamisha birika akajaza mpaka ukingoni. Nilikunywa mbele yake polepole. Mkeka ulibaki mkavu.

Pumzika kwa amani, mke wangu. Jumanne ijayo tunakwenda tena.

Mumeo,
Baba Asya