Fundi Anakuja Kukata Kebo

Ghorofa ya juu, mkabala na kinyozi,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo huko mbali? Na goti lako je, limepoa? Sisi wazima, na ndoa ni tamu, Shangazi, tamu! Mume wangu akirudi kutoka karakana na vumbi la mbao kwenye nyusi, moyo wangu unaruka kama siku ile ya harusi.

Ila kuna jambo linanichanganya. Tubaki na televisheni ya kebo au tuhamie intaneti?

Unajua tunaishi na baba mkwe. Tangu afiwe na mkewe, hatoki chumbani ila saa ya taarifa ya habari. Hapo huketi katikati yetu kwenye kochi, akabishana na msomaji. "Mwongo wewe! Hebu rudia nikuone!" Sisi tunacheka, huku tumeshikana mikono nyuma ya mgongo wake kama wezi.

Mume wangu akasema kebo imepitwa na wakati. Akaleta intaneti tuijaribu, akamnunulia na babake simu ili aone habari muda wowote. Kochi likawa letu wawili! Nilifurahi, nisikufiche.

Lakini nyumba imepoa. Baba mkwe anakula chumbani. Na huyu asali wangu alitangulia kuitazama tamthilia yetu kwa simu huko karakanani, jioni akajifanya haijui. Nilimkamata: alianza kulia kabla mgonjwa hajafa!

Jana baba mkwe alitoka na simu yake, akajipenyeza katikati yetu.

"Mwanangu, habari za humu hazinogi. Nikimsuta huyu bwana, ananitazama tu."

"Hata kwenye kebo alikuwa anakutazama tu, baba," mume wangu akamwambia.

"Kule mlikuwa mnacheka nyinyi."

Tukainamia kisimu hicho, vichwa vitatu.

Sasa sielewi. Intaneti ni nzuri, lakini haina saa. Nani atamtoa mzee chumbani? Mwisho wa mwezi fundi anakuja kukata waya wa kebo. Mume wangu atakuwa kazini, mlango nitafungua mimi. Nimwambie nini, Shangazi?

Msalimie Babu na binamu yangu Kipepeo. Mungu akuzidishie afya na usingizi mwororo.

Naishia hapa. Saa ya habari imefika, na mzee ameshakaa. Anauliza rimoti iko wapi.

Ni mimi bibi harusi wako, nikupendaye bila kipimo.