Makofi kwa Aline

Jumamosi

Na bado walimpigia makofi! Binamu yangu Aline, atakayemsindikiza bibi harusi, alipunguziwa gauni tena leo, na shangazi zetu wakashangilia: "Eeh, Aline! Sasa unafanana na babinti ba kwenye simu!"

Hapo hapo akaanguka kando ya cherehani ya fundi.

"Ni joto ya Bugarama tu," mama yake, ambaye mimi humwita tantine, akasema.

Nilishindwa kunyamaza. "Si joto, tantine. Kila siku chakula chake anawamwagia kuku."

Kwa nini msichana asifiwe kwa kukonda hata pale anapo... Nimekasirika mno.

Jumatatu tantine atampeleka kwa daktari. Aline ameninunia. Na anune. Nitakwenda naye, hata asiponisemesha njia nzima.